Kidude cha mwilini kikinyamaza: Kimelala au kimekufa?

Siku za karibuni nimekuwa nikiulizwa swali moja na watu wa hali mbalimbali: wazazi wa watoto wenye kisukari, wazee waliowekewa mashine za kusukuma moyo, hata muuguzi mmoja anayetunza friji ya chanjo katika zahanati moja upande wa Ziwa. Swali lenyewe ni hili: "Daktari, hiki kidude kimenyamaza. Je, kimeharibika?"

Mara nyingi jibu ni la. Kidude kimelala, nacho kimelala kwa makusudi kwa sababu ndivyo kilivyoundwa. Lakini zipo nyakati ambapo kunyamaza huko ni dalili ya hatari, na asiyejua tofauti huweza kumpoteza mtoto usiku mmoja. Ndiyo maana leo nimeona tuyaache kando malaria na presha, tuzungumze juu ya betri.

Vifaa vingi vya tiba vya siku hizi vina redio ndani yake. Sisemi redio ya kusikiliza taarifa ya habari, bali kipande kidogo mno kinachotuma na kupokea ujumbe hewani bila waya. Kupitia kipande hicho, kidude kilicho mkononi mwa mtoto huiambia simu ya mama kiwango cha sukari, na pesimeka iliyo kifuani mwa mzee humweleza daktari wa moyo jinsi mapigo yalivyokwenda. Tatizo ni kwamba redio ni mlafi wa umeme kuliko kazi nyingine yoyote ya kifaa hicho.

Hebu msomaji achukue kalamu tupige hesabu. Betri ya pesimeka ya kawaida hubeba umeme wa kiasi cha ampea 1 kwa muda wa saa 1. Tunataka betri hiyo ikae miaka 10, kwa kuwa kuibadilisha ni kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji. Miaka 10 ina saa 87,600. Ukigawanya, utaona kuwa kifaa kizima kinaruhusiwa kutumia sehemu 11 tu za ampea iliyogawanywa mara milioni moja. Humo ndimo kinamotakiwa kuusikiliza moyo, kuupiga mshtuko mdogo unapochelewa, na kuweka kumbukumbu. Sasa redio ya kifaa cha namna hii, inapokuwa wazi ikizungumza, hutumia sehemu kama 5 za ampea iliyogawanywa mara elfu moja. Hiyo ni zaidi ya mara 400 ya posho yote ya kifaa. Kama redio ingeachwa macho usiku na mchana, betri ya miaka 10 ingekwisha kwa saa 200, yaani siku nane na ushei.

Kwa hivyo redio hulazwa. Kwa kweli hulala karibu maisha yake yote, na huamshwa kwa nadra.

Ubahili huu wa umeme haukuanza jana. Mtu wa kwanza duniani kuwekewa pesimeka ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958. Mhandisi Rune Elmqvist aliitengeneza akitumia mkebe wa rangi ya viatu kama kalibu ya kuisubu, na Dkt. Åke Senning akaipandikiza. Betri yake ilikuwa ya kuchajiwa kutoka nje ya mwili. Kifaa hicho cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu kikazimika, wakamwekea cha pili. Larsson aliendelea kubadilishiwa, na kufikia kifo chake mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 86, alikuwa ametumia vifaa 26. Alikufa kwa saratani ya ngozi, wala si kwa moyo, na mhandisi na daktari wote wawili walikuwa wametangulia kufa kabla yake. Nafuu kubwa ilikuja mwaka 1972 zilipoanza kutumika betri za lithiamu ambazo Wilson Greatbatch wa Marekani alizipigania. Kabla yake, betri za zebaki zilidumu kama miaka miwili tu. Mnamo 1999 serikali ya Marekani ikatenga masafa maalumu ya hewani kwa vifaa vya mwilini, kati ya megahezi 402 na 405, na hapo ndipo pesimeka zilipoanza kusemezwa kutoka ng'ambo ya chumba badala ya kuwekewa kirungu juu ya ngozi.

Namna za kuamshwa

Redio iliyolala huamshwaje? Zipo njia tatu, na ni vizuri ujue kifaa chako kinatumia ipi.

Njia ya kwanza ni ya saa. Kifaa huamka chenyewe kila baada ya muda uliowekwa, hutuma ujumbe, kisha hurudi kulala. Vidude vya kupima sukari vya Dexcom, kwa mfano, hutuma kipimo kila dakika 5. Katikati ya hapo hewani ni kimya, na kimya hicho si kosa.

Njia ya pili ni ya kugongewa mlango. Redio haina umeme hata kidogo mpaka simu au kirungu kisogezwe karibu kabisa, na simu hiyo ndiyo inayoleta nguvu ya kuamsha. Vidude vya FreeStyle Libre, vilivyoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2014, vilianza kwa njia hii. Kidude hubandikwa nyuma ya mkono kwa siku 14, na mgonjwa hupitisha kisomaji juu yake. Ukiuliza kwa nini hakisemi kitu mpaka ukisogelee, sababu ni hiyo: hakina ruhusa ya kusema. Hata hivyo kumbukumbu yake ni ya saa 8 tu. Anayelala saa 10 bila kukisoma, saa 2 za mwanzo za usiku wake zimefutika.

Njia ya tatu ndiyo ya ajabu zaidi. Redio hufumbua jicho kwa kitambo kidogo sana, mathalani mara moja kila sekunde, ikisikiliza kama inaitwa. Isiposikia jina lake, hulala tena. Kuchungulia huku hutumia umeme mdogo mno, sehemu kama robo ya ampea iliyogawanywa mara milioni moja. Pesimeka nyingi zinazosemezwa kwa mbali hutegemea mbinu ya jamii hii. Ni kama mama mwenye mtoto mchanga: halali fofofo, lakini mlio wa gari barabarani haumwamshi. Humwamsha sauti moja tu.

Anayelala vibaya ni simu yako

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike. Vidude vipya vya sukari, kama Libre 2 iliyotoka mwaka 2018 na zile zilizofuata, vina redio ya Bluetooth inayopiga kengele kwenye simu sukari inaposhuka mno au kupanda mno. Hapa Eldoret familia nyingi haziwezi kuvimudu, na watoto wengi hutegemea vijiti vya kupimia na glukomita, wakiwemo wanaohudumiwa na mpango wa Changing Diabetes in Children ulioingia Kenya mwaka 2012. Lakini wapo wanaovinunua, na wapo wanaoletewa na jamaa walioko ng'ambo. Kifurushi hufika bila maelezo. Mjomba aliyetuma yuko Minnesota, mama yuko Kapsoya, na simu ni ile ya bei nafuu yenye betri iliyochoka.

Mama huyo hufanya nini? Ili simu ifike asubuhi, huiweka katika hali ya kuokoa betri. Ni busara ya kila siku, hasa umeme unapokatika. Ila hali hiyo huipa simu ruhusa ya kuzizima programu zinazofanya kazi chinichini, na programu ya kidude cha sukari ni mojawapo. Kidude mkononi mwa mtoto kinaamka kwa wakati wake, kinapiga hodi, na hakuna anayefungua. Sukari inashuka saa tisa usiku bila kengele kulia. Asubuhi mama anasema kidude ni kibovu, hali kidude kilifanya kazi yake barabara.

Si hofu yangu peke yangu. Tarehe 5 Februari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa watumiaji wa vifaa vya kisukari vinavyotegemea simu, ikisema imepokea taarifa za kengele zilizokosa kusikika au kutolewa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni mpangilio wa simu unaozilaza programu, hali ya kutosumbuliwa, spika na vifaa vya masikioni vilivyounganishwa vikaimeza sauti, na simu kubadilishiwa programu yake kuu bila mwenyewe kukagua kama kengele bado zipo. Ilitaja kwamba madhara yaliyoripotiwa ni pamoja na sukari kushuka vibaya, na hata vifo.

Kwa hivyo mwenye mtoto wa kisukari anayelala na kidude mkononi, fanya haya leo kabla ya giza. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya betri, utafute programu ya kidude, na uiruhusu itumie betri bila mipaka. Hali ya kuokoa betri na ile ya Usinisumbue zizimwe usiku, au programu hiyo ipewe ruhusa ya kuzipita. Simu ichajiwe mapema jioni na iwekwe chumba kile kile alicho mtoto, kwa maana mawimbi ya Libre 2 hufika mita 6 tu pasipo kizuizi, na ukuta wa mawe huyapunguza. Kisha ijaribu. Itoe simu nje ya nyumba kwa muda uone kama italalamika kuwa imepoteza mawasiliano. Isipolalamika, ujue hata siku ya hatari haitalalamika.

Na kengele ikilia, au mtoto akitoka jasho, akitetemeka au akisema maneno yasiyoeleweka, pima kwa kidole bila kungoja. Kidude husoma maji yaliyo chini ya ngozi, nayo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Ikiwa ni chini ya 3.9, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, upime tena baada ya dakika 15. Kama hana fahamu usimnyweshe kitu, maana kitaingia mapafuni. Mkimbize hospitali. Usipokuwa na cha kupimia na dalili zipo, mpe sukari tu kama anaweza kumeza.

Moyo unapobana matumizi

Tuwageukie wazee wa pesimeka. Wachache waliopandikizwa India au Uingereza wamerudi na kisanduku cha kuchomekwa ukutani kando ya kitanda. Usiku wa manane kisanduku huiamsha redio ya kifuani, huchukua taarifa na kuituma kwa mtandao wa simu. Nimeona vikiwa vimechomolewa ili soketi itumike kwa mambo mengine, kwa hoja kwamba havifanyi chochote. Kikichomolewa, moyo hausimami. Kadhalika umeme ulipokatika karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, hakuna pesimeka iliyozimika kwa sababu hiyo. Kinachokosekana ni ripoti tu, na kama kuna hitilafu itachelewa kujulikana. Kwa upande mwingine, usikibonyeze kisanduku kutuma ripoti kila unapohisi upweke. Kila mazungumzo ya redio hukata kipande cha maisha ya betri.

Ila kuna hali moja ya kuokoa betri ambayo mgonjwa huihisi mwilini, na madaktari wa kawaida kama mimi twapaswa kuijua. Betri ya pesimeka haikatiki ghafla kama ya tochi. Inapokaribia mwisho, kifaa hupita alama ya kwamba sasa kibadilishwe, na kwa kawaida huwa kimebaki na kama miezi mitatu. Katika aina nyingi za pesimeka, alama hiyo ikipitwa, kifaa huanza kubana matumizi. Huacha kuongeza mapigo mtu anapopanda mlima. Pesimeka yenye waya mbili huacha kuoanisha vyumba vya juu na vya chini vya moyo, na kubaki ikipiga vya chini tu kwa mwendo mmoja, mathalani mapigo 65 kwa dakika, mgonjwa awe amelala au anapalilia mahindi.

Mzee wa namna hiyo huja akisema amechoka, ana kizunguzungu, mishipa ya shingo inamdunda, pumzi inakatika akipanda kilima kidogo. Ni rahisi kusema ni uzee, au kumpima malaria, au kusingizia hewa ya Eldoret tulio zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mshike mkono uhesabu. Ukikuta mapigo ni yale yale 65 akiwa ameketi na 65 baada ya kutembea ua mzima, na pesimeka ina miaka saba, minane au zaidi, mtume kwa daktari wa moyo, kwetu hapa ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, wiki hiyo hiyo. Usimpe dawa za kuongeza damu ukamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Nawe mgonjwa, ile kadi uliyopewa siku ya upasuaji, yenye jina la kampuni, aina ya kifaa na tarehe, usiifungie sandukuni Turbo ukaja mjini bila hiyo. Bila kadi hatujui ni mashine ipi ya kuisomea.

Wengine huuliza kuhusu wahalifu wa mitandao. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha maabarani kwamba redio ya kifaa cha moyo ingeweza kushikwa na mazungumzo isirudi kulala, na betri ikaliwa. Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa nchi hiyo, alifungiwa mawasiliano ya redio ya kifaa chake mwaka 2007, na alilieleza jambo hilo hadharani mwaka 2013. Mnamo Agosti 2017 pesimeka zipatazo 465,000 za kampuni ya Abbott nchini Marekani zilihitaji kubadilishiwa programu ili kuziba mwanya wa aina hiyo. Kazi ilifanywa kliniki kwa dakika tatu hivi, bila kisu, na hakukuwa na taarifa ya mgonjwa aliyekuwa amedhuriwa. Mimi sioni sababu ya mzee wa Langas kukosa usingizi kwa ajili ya jambo hili. Zaidi namwonya kuhusu simu katika mfuko wa shati. Baadhi ya simu mpya zina sumaku yenye nguvu, na mwaka 2021 madaktari wa Marekani waliripoti kuwa iPhone 12 ilipowekwa juu ya kifua iliizuia mashine ya kushtua moyo isifanye kazi yake. FDA ikashauri simu ikae sentimita 15 au zaidi mbali na kifaa. Iweke mfuko wa suruali.

Yule muuguzi wa friji, nisimsahau. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kuganda huziharibu nyingine sawa na joto. Vidude vya kupeleka habari za joto kwa mtandao wa simu, kama ColdTrace ya Nexleaf Analytics ambayo imetumika Kenya, navyo vina redio inayohitaji kubaniwa umeme. Mitandao mipya ya simu imeweka hali mbili za usingizi kwa vifaa vya aina hii. Katika ile iitwayo PSM, kifaa hujifungia kabisa kama ndugu anayezima simu na kukupigia yeye tu anapotaka. Hata ukimtafuta humpati. Katika eDRX, huwasha simu kwa vipindi maalumu uweze kumpata. Kwa hiyo kabla ya kulalamika, uliza kidude chenu kimepangwa kuripoti kila baada ya muda gani. Muda huo ukipita mara mbili bila ujumbe, usingizi si jibu tena: tazama betri, tazama laini kama ina salio, na usome kipimajoto kwa macho yako. Shida ya namna hii iliwakabili pia waliotumia visanduku vya dawa vya Wisepill kule Mbarara, Uganda, katika utafiti wa dawa za HIV uliochapishwa mwaka 2010. Kisanduku hutuma ujumbe kila kinapofunguliwa. Kisipotuma, je, mgonjwa ameacha dawa, au betri imekwisha, au hakuna mtandao kijijini? Kabla ya kumkemea mgonjwa, sharti yajulikane hayo mawili mengine kwanza.

Limebaki swali ambalo familia huliuliza kwa sauti ya chini. Marehemu akizikwa, pesimeka yaweza kubaki mwilini bila madhara. Lakini kwa wale wanaochoma maiti, kama jamaa zetu Wahindu, ni lazima itolewe kwanza, kwani betri hulipuka motoni. Mwambieni mhudumu wa mochari mapema. Iliyotolewa si lazima itupwe. Mradi uitwao My Heart Your Heart wa Chuo Kikuu cha Michigan hukusanya pesimeka za marehemu huko Marekani, huzisafisha na kuzipima upya, na Kenya ni miongoni mwa nchi saba zilizoshiriki utafiti wake, ambao matokeo yake yalitolewa Novemba 2024 baada ya kulinganisha wagonjwa karibu 300 waliowekewa mpya au zilizotumika. Zilizotumika hazikuonekana kuwa na maambukizi zaidi. Nyingi zinazokusanywa hukataliwa, na sababu kubwa ni ile ile tuliyoanza nayo: betri iliyobaki haitoshi.